Kiyoyozi Minnesota: dola 5,000 ni haki?

SWALI: Nyumba yetu Minneapolis inapashwa joto kwa maji ya moto, haina njia za hewa. Fundi anataka dola 5,000 kwa kiyoyozi kimoja cha ukutani. Si ghali mno?

JIBU: Kwa kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu yake ya kupoza), chenye kupasha joto pia, hajawaonea. Hapo mnalipia pia laini yake ya umeme ya volti 240, bomba za shaba na ufundi. Mbaneni kwenye stendi: mashine ya nje ikae sentimita 45 hivi juu ya ardhi. Ikiwa chini, theluji huiziba, na maji ya barafu ambayo mashine hujiyeyushia yenyewe huganda kwenye trei yake hadi feni inagonga. Tena avute hewa iliyo ndani ya bomba kwa pampu hadi maikroni 500 (kipimo cha shinikizo la hewa iliyobaki) kabla ya kufungulia gesi ya kupoza. Unyevu ukibaki, kompresa haidumu. Mkitaka ubaridi wa Julai tu, cha dirishani kinatosha. Oktoba kitoeni.