Kwa Dizaina Wapya: Mstari wa Autlaini Una Unene Wake

Wiki hii nimekagua mabango matatu ya vijana wetu wa mafunzo kazini. Yote yana kosa lile lile: fonti ya autlaini, yaani yenye mstari wa ukingo tu na ndani tupu, imetumika kuanzia kichwa hadi namba ya simu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tuliongee leo liishe.

1. Autlaini ni ya kichwa. Neno moja au mawili, makubwa, basi. Herufi ya kawaida inabebwa na uzito wa wino wake. Hii inabebwa na mstari peke yake, na ukiipunguza herufi, mstari nao unapungua.

Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa bango la mchezo wa kuigiza. Jina la mchezo nililipanga kwa autlaini nyeupe, pointi 200, juu ya zambarau iliyokolea, iliyochanganywa kwa wino zote nne. Lilipendeza mno, nikashindwa kuiacha fonti ile. Tarehe, saa na ukumbi nikaviweka kwa fonti hiyo hiyo, pointi 14. Kwenye skrini nilikuwa nimezumu asilimia 400, kila kitu kinasomeka. Hesabu sikupiga. Unene wa mstari ulikuwa sehemu 20 kwa 1,000 za ukubwa wa herufi. Kwenye pointi 200 unapata pointi 4, mstari mzima kabisa. Kwenye pointi 14 unapata pointi 0.28, yaani kama milimita 0.1. Pleti moja, yaani bamba la mashine linalochapa wino wa rangi moja, ikisogea kiasi hicho tu, wino wake unaumeza mstari. Na pleti husogea.

Mabango yalipotoka mashineni, jina lilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Chini yake palikuwa na ukungu. Niliinama hadi pua ikakaribia karatasi, na bado sikuweza kutofautisha 3 na 8, katika tarehe niliyoiandika kwa mkono wangu. Mchapaji hakunigombeza. Alinipa kioo chake cha kukuzia, akanyamaza. Kazi yote ilirudiwa, na usiku ule sikulala.

2. Usiipake stroku, yaani mstari wa kuongezea kwenye ukingo, fonti ya kawaida ukaiita autlaini. Stroku hukaa katikati ya ukingo, nusu ndani nusu nje, kwa hiyo matundu ya a na e yanabanana na herufi jirani zinagusana. Kwenye fonti za variabo, zile za faili moja ambayo uzito wake unaweza kuubadilisha, ni balaa zaidi: vipande vya herufi vimepandana, na stroku inaonyesha kila maungio. Tafuta iliyochorwa hivyo tangu mwanzo. Fonti ya Bungee ya David Jonathan Ross ina autlaini yake, na tabaka zake unaweza kuzipanga kwa rangi tofauti.

3. Panua nafasi kati ya herufi.

4. Sikiliza sauti ya fonti. Castellar, aliyoichora John Peters na kampuni ya Monotype ikaitoa 1957, ina herufi kubwa tu. Upande mmoja wa mstari ni mzito, mwingine mwembamba, kama maandishi ya jiwe yaliyopigwa na mwanga wa ubavuni. Kwenye jalada la kitabu cha historia inatulia vizuri sana. Jana nimeikuta kwenye tangazo la mashindano ya dansi, nikaumia.

5. Chapa prufu, yaani nakala ya majaribio, kwa ukubwa halisi, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi.

Na wewe wa bango la kijani: prufu yako iko mezani kwangu, namba ya simu nimeizungushia kalamu nyekundu. Njoo na rula tupime mstari pamoja.