Gurudumu la Mbao Si Jahazi

Swali: Fundi, asalaam aleikum. Niko Malindi. Nina gari la zamani la jeshi la Waingereza, la kukokotwa na nyumbu, lenye magurudumu mawili ya mbao ya kipenyo cha mita 1.4. Spoki zilikuwa zinacheza na pete ya chuma inateleza. Nikaambiwa niyaloweke baharini. Nikayalaza siku tatu, yakakaza vizuri. Kaskazi ilipoingia yakalegea kuliko mwanzo. Niyaloweke wiki nzima, au niyapake oili chafu?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usiyaloweke tena, hata siku moja.

Ushauri huu hapa Lamu nausikia kila mara, na najua ulikotoka: kwenye majahazi. Mbao za jahazi zikinywa maji huvimba, pamba ya kalafati ikabanwa, chombo kikaacha kuvuja. Lakini jahazi hubaki majini. Gari lako linakaa juani.

Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Vipande vya ukingo, yaani duara la mbao la nje, vilipovimba vilikuta pete ya chuma imevizuia, na ndimi za spoki, yaani ncha zinazoingia kwenye matundu, zikakuta kuta za matundu hayo. Mbao ikikosa pa kwenda, nyuzi zake hupondeka, na ikikauka huwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Kila ukiloweka unaiponda upya. Niliwahi kuletewa gurudumu lililolowekwa miaka na miaka. Nilipochomoa spoki moja, ulimi wake ulikuwa unang'aa kama mfupa uliosuguliwa, na ukucha wangu ulipita kati yake na tundu. Upande wa ndani wa pete kutu ilibanduka kwa magamba yenye chumvi nyeupe. Chumvi hiyo huvuta unyevu na kuendelea kula chuma hata gari likiwa bandani.

Vua pete, futa chumvi kwa maji matamu, kisha yaache magurudumu yakauke kivulini kwa miezi. Spoki iliyopasuka ibadilishwe kwa mbambakofi mkavu, uliopasuliwa kufuata nyuzi zake. Ukikuta kitovu kimebanwa kwa sahani mbili za chuma zenye bolti, huo ni mtindo wa Madras, ambao mizinga ya Waingereza iliuchukua kutoka India katika karne ya 19 ili spoki ibadilishwe safarini bila kuvunja gurudumu zima. Kazi yako itakuwa nyepesi.

Halafu mhunzi aikate pete na kuiunga upya, iwe ndogo kidogo kuliko mzingo wa mbao, ambao kwako ni karibu mita 4.4. Ikipashwa hadi nyuzi joto 400 za Selsiasi hurefuka takriban sentimita 2. Izungushie moto wa vifuu, ipate joto sawasawa pande zote, ivishwe upesi na kumwagiwa maji. Ikisinyaa utasikia viungo vikilia vikiingia mahali pake. Chuma ndicho kinachokaza gurudumu.

Oili chafu nayo huzuia gundi kushika na rangi kukaa. Nimeona milango ya nakshi iliyopakwa oili hiyo: vumbi limeganda kwenye maua, halitoki tena. Wengine husokomeza vipande vya bati chini ya pete, au huichomelea ikiwa juu ya mbao na kuunguza ukingo kwa ndani, usikoweza kuona. Kabla ya kumpa mtu kazi, mwulize ataivuaje pete. Akikwambia hakuna haja ya kuivua, chukua magurudumu yako urudi nayo nyumbani.