Jibu: Bibi anaanguka usiku akienda chooni

Mkuu, umesema bibi yako huko Kongwa ameanguka mara mbili usiku akienda choo cha nje, na anameza dawa za presha. Anzia kwenye dawa. Mpeleke wampime presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, daktari aangalie dozi. Asiache dawa mwenyewe. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika 2, achezeshe miguu, ndipo asimame.

Chooni weka bomba la chuma la inchi 1 la kushikilia. Usilifunge kwenye ukuta wa tofali za udongo, skrubu zitang'oka siku akilitegemea. Chimbia nguzo futi 2 na umwagie zege. Ndala zilizolika tupa. Fimbo aishike upande wa mguu mzima (wengi hukosea hapa), na iwe na mpira chini. Ndoo chumbani usiku nayo si aibu.

Akianguka tena na mguu ukaonekana mfupi au umegeukia nje, msimsimamishe. Huenda nyonga imevunjika. Mlazeni juu ya ubao, hospitali moja kwa moja.