Gofu ya visahani: uanzie Arusha au Moshi?

Kaka, umesema umezoea kucheza gofu ya visahani, ule mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki hadi kiingie kikapuni, huko Dar, na sasa unahamia kaskazini; unauliza ufanyie mazoezi Arusha au Moshi. Anza Moshi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi haikibebi kisahani kama ya pwani. Ukirusha kawaida kwa mkono wa kulia, kinakata kushoto mapema na kuanguka. Mtu hudhani mkono umeharibika, kumbe ni hewa. Moshi iko chini zaidi, utazoea taratibu. Ukipanda Arusha, beba visahani vyepesi. Masika, Machi hadi Mei, kotekote tope linateleza mno, na nyasi humeza kisahani: chukua cha rangi ya chungwa. Kikiingia kwenye migomba ya mtu, piga hodi kwanza.