Anza na habari unayoijua: Kiingereza cha uchumi kwa wanaoanza kazi

Tawini kwetu Kariakoo hawakosekani vijana wa fildi na waajiriwa wapya wa kitengo cha mikopo. Digrii wanazo, na Kiingereza cha kujibia mtihani wanacho. Kinachowakwamisha ni Kiingereza cha kurasa za biashara na cha mikataba ya mikopo, na hicho ni kitu kimoja. Ukikizoea gazetini, mkataba wa kurasa nane haukutishi tena. Haya ndiyo ninayowaambia wakishapata meza ya kukalia.

Kwanza, achaneni na daftari la maneno ishirini kwa siku. Neno lililokaririwa peke yake linasahaulika kabla mwendokasi halijafika Kimara. Chukua habari ambayo tayari unaijua kwa Kiswahili, kisha uisome kwa Kiingereza.

Mfano mzuri kuliko yote ni mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na hata kabla ya chai ya saa nne bodaboda wote pale Msimbazi wameshajua. Tangazo hilo hutolewa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Yafungue yote mawili, uyaweke sambamba, usome aya kwa aya. Kwa kuwa ujumbe unao tayari kichwani, huhangaiki na maana, unaokota maneno tu: bei kikomo kule ni "cap prices", rejareja ni "retail", jumla ni "wholesale". Usiishie kwenye jedwali la bei. Soma pale wanapoeleza kwa nini bei imepanda au imeshuka, maana hapo ndipo kuna soko la dunia, gharama za uagizaji na thamani ya shilingi, na maneno hayo utakutana nayo kila siku ya kazi.

Magazeti nayo yanakurahisishia. Mwananchi na The Citizen ni nyumba moja, Habari Leo na Daily News nyumba moja, Nipashe na The Guardian vilevile. Tukio la jana utalikuta pande zote mbili, tena mara nyingi halijatafsiriwa, limeandikwa na watu wawili tofauti. Mimi naliona hilo kuwa faida. Unaona mwandishi wa Kiswahili anaanzia wapi na wa Kiingereza anaanzia wapi.

Juni ikifika kuna hotuba ya bajeti. Waziri wa Fedha huisoma Dodoma kwa Kiswahili, na Wizara huweka pia nakala ya Kiingereza. Ni ndefu, usijitese kuimaliza. Nenda sehemu ya marekebisho ya kodi. Mtaani kwetu kila kitu ni kodi: ya TRA kodi, ya mwenye nyumba kodi. Kwenye Kiingereza usipotenganisha "tax", "levy", "duty" na "rent" utamwandikia bosi ripoti inayosema mteja anadaiwa na serikali kumbe anadaiwa na mwenye fremu.

Sasa niseme jambo ambalo vijana wengi hawalitarajii. Maneno magumu hayana shida kubwa. Ukikutana na neno refu la kutisha utasimama na kulitafuta. Linalokuangusha ni lile rahisi ulilolijua tangu darasa la tano, kwa sababu husimami kulitafuta. "Principal" unamjua kuwa mkuu wa chuo, ila kwenye mkopo ni ile fedha yenyewe iliyokopwa kabla ya riba. "Interest" siyo kupenda kitu, ni riba. "Outstanding" shuleni ilikuwa sifa nzuri, hapa kwetu ni deni ambalo bado halijalipwa, na mteja mwenye "outstanding" kubwa hapigiwi makofi na mtu. "Mature" husemwa kwa hatifungani, yaani karatasi ya deni, iliyofikia muda wake wa kulipwa. Ile mamlaka inayosimamia soko la hisa, CMSA, imebeba maneno mawili ya namna hii kwenye jina lake: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, "capital" na "securities". Hakuna mji mkuu pale, wala walinzi wa getini.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Dhamana ni ile ya mahakamani, ni hati ya nyumba anayoiweka mteja, na ni karatasi za serikali za kukopa fedha. Kwa Kiingereza hayo ni maneno matatu tofauti: "bail", "collateral" na "securities". Ukichukua la kwanza unaloliona kwenye kamusi, mteja wa vitenge atasomeka kama mtuhumiwa aliyeachiwa.

Hapo kwenye mikopo nikae kidogo, kwa sababu ndiko wengi mtakakofanyia kazi. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutumia riba yake kuongoza sera ya fedha, ikaanza na asilimia 5.5. Aprili mwaka huohuo ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Siku redio inapotangaza hivyo, kesho yake mama mwenye duka la vyombo anaingia. "Mwanangu, nimesikia riba imeshuka. Mbona rejesho langu ni lilelile?" Usimjibu kwa Kiingereza cha taarifa. Mwambie, "Mama, hiyo ni riba ya Benki Kuu, inaongoza mabenki yanavyokopeshana yenyewe kwa yenyewe. Riba ya mkopo wako ni ile ya kwenye mkataba tuliosaini." Ukiweza kumweleza hivyo akatoka ameridhika, ujue sasa umeelewa tofauti ya "central bank rate" na "lending rate". Usipoweza, rudi kwenye gazeti.

Na hesabu zake uziangalie. Kutoka 5.5 hadi 6 watu husema imepanda nusu asilimia. Gazeti makini la Kiingereza litasema "percentage point" au "basis points", ambapo "basis points" mia moja ni "percentage point" moja. Kwa hiyo ile ya Aprili ilikuwa "50 basis points", na ile ya Julai ilikuwa 25. Ukitaka kusema kwa asilimia tupu, kutoka 5.5 hadi 6 ni ongezeko la karibu asilimia 9. Kwenye barua ya mteja tofauti hiyo ni ugomvi.

Shilingi pia ina kinyume chake. Mwaka 2024 dola ilifika kama shilingi 2,700, kisha mwishoni mwa mwaka ikarudi kama 2,400. Namba imeshuka, lakini shilingi ndiyo iliyopanda thamani, na gazeti litaandika "the shilling appreciated". Kijana aliyezoea "appreciate" ya kushukuru anabaki ameduwaa. Muulize mwagizaji yeyote wa Kariakoo anayeleta mzigo kutoka Guangzhou, atakueleza vizuri kuliko kitabu nini kilitokea kwenye mtaji wake miezi ile. Ukishamsikiliza, lile neno halikutoki tena.

Vichwa vya habari vina sarufi yao, msijifunzie nyakati hapo. Jambo la jana huandikwa kama linatokea sasa, la kesho huwekewa "to" tu, na serikali haifikirii, "mulls", haitarajii, "eyes". Gazeti la Afrika Mashariki likiandika "Dar" kwenye kichwa, mara nyingi linamaanisha serikali ya Tanzania, hata kama mkutano wenyewe ulikuwa Dodoma. Soma kichwa mwisho, baada ya aya ya kwanza.

Kurasa za kimataifa, za masoko ya London na New York, ziacheni kwa sasa. Siyo kwamba hazina maana, ila habari usiyoijua kwa lugha yoyote haitakufundisha lugha ya pili.

Kuhusu kuandika: andika sentensi moja kwa kila neno, na iwe na namba ya kweli ya kazini, bila jina la mteja. "Outstanding balance" iwe ya mkopo uliouona leo. Kisha isome kwa sauti kwa Kiswahili, kama unamweleza yule mama wa vyombo.

Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu hukutana kila robo mwaka, na mapema Januari, Aprili, Julai na Oktoba unaweza kutegemea uamuzi wake kutangazwa. Taarifa ijayo ikitoka, soma ya Kiswahili kwanza, ya Kiingereza baadaye, na uje nayo mezani kwangu ikiwa na mistari uliyoipigia alama. Majedwali ya takwimu yasubiri. Tutayafikia ukishamaliza miezi mitatu.