Jibu: Kwa nini uchakavu unajumlishwa kwenye faida?

Ndugu, umeuliza kwa nini uchakavu, yaani kupungua kwa thamani ya mali kama mashine, unajumlishwa kwenye faida katika taarifa ya mtiririko wa fedha ilhali ni gharama. Uchakavu ulipunguza faida bila hata senti moja kutoka, ndiyo maana unaurudisha. Hauleti pesa lakini, wengi huteleza hapo.

Kisha angalia wadaiwa, yaani wateja ambao hawajakulipa: wakiongezeka, toa, maana umeuza na hujalipwa. Wadai, yaani wanaokudai, wakiongezeka, jumlisha, maana hujawalipa bado. Mfano, faida 500,000, uchakavu 80,000, wadaiwa wameongezeka kwa 120,000: shughuli za uendeshaji zimeleta 460,000.

Ukiuza mashine kwa faida, faida hiyo itoe kwenye hesabu hii ya uendeshaji. Fedha yote uliyopokea iende kwenye sehemu ya uwekezaji. Mikopo na mtaji viende sehemu ya ufadhili. Jumla ya sehemu hizo tatu isipolingana na badiliko la fedha taslimu kwenye mizania, kagua kwanza alama za kujumlisha na kutoa.