Bunduki itakuwa mkononi mwa mgeni

Mwanangu Hamisi,

Marahaba, baba. Ulipopiga simu juzi uliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu kwa haraka: ilikuwaje nikatoka kwenye uwindaji wa kutafuta kitoweo nikawa mwindaji bingwa wa kuongoza wageni, na je, wewe uliyezoea kulenga tangu utotoni utaiweza kazi uliyoitiwa kule kwenye kitalu cha uwindaji? Nakujibu kwa barua, maana mambo haya yanataka utulivu.

Babu yako aliwinda kwa gobore. Alizaliwa ndani ya pori lenyewe, kabla ya miaka ya 1940, wakati serikali ya Mwingereza ilipowahamisha Wangindo wengi kwa hoja ya malale na mahame yao yakamezwa na Pori la Akiba la Selous. Kwake mnyama alikuwa nyama. Aliyesogea karibu ndiye aliyepigwa, ilimradi watu wale, na mimi ndivyo nilivyofunzwa. Mwaka 1973 serikali ikapiga marufuku uwindaji. Ulipofunguliwa tena 1978 chini ya TAWICO, shirika la serikali la wanyamapori, nikaajiriwa kubeba mizigo kambini, baadaye nikawa mchunaji ngozi, kisha traka, yaani mfuata nyayo. Miaka hiyo ilikuwa ya miguu, jua na mbung'o, sina haja ya kuirefusha.

Aliyenifundisha kuongoza ni mbogo. Alfajiri unazikuta nyayo pale walipotoka kunywa maji. Unachuchumaa. Kingo za unyayo zikiwa kali na udongo wake bado una giza la unyevu, wamepita sasa hivi. Ukiona vijia vya wadudu wa usiku vimekatiza juu yake, wamepita kabla hakujapambazuka na utatembea mpaka mchana. Kinyesi unakigusa kwa mgongo wa kidole kujua kimepoa kiasi gani. Kila hatua chache unatikisa kijifuko cha majivu uone upepo unaelekea wapi, kwa sababu mbogo akishakunusa siku imekwisha. Hayo yote unayajua tayari, na traka yeyote mzuri wa Liwale anayajua.

Kazi ya mwongozaji inaanza pale traka anaposimama na kunyoosha fimbo. Mbele yenu kuna madume matatu yamelala kivulini, na mgeni anahema, kidole kinamwasha. Wewe unatazama kwa darubini mahali pembe mbili zinapokutana kwenye paji la uso. Kama katikati bado kuna ngozi na manyoya, huyo ni kijana, hata pembe zake ziwe pana namna gani. Dume mzee pale pamekuwa pagumu, pana nyufa kama gamba la mti mkavu. Ukishaona ni kijana unamwambia mgeni, aliyesafiri kutoka mbali na kulipa fedha nyingi, kwamba hatupigi. Unamwambia kwa upole na hubadilishi neno. Babu yako angenishangaa sana, lakini ndivyo kitalu kinavyobaki na madume ya kuzalisha.

Tena umsome mgeni mwenyewe. Siku ya kwanza, anapojaribu bunduki yake kwenye shabaha, macho yako yasiwe kwenye karatasi tu. Tazama kama anafumba macho kabla ya kufyatua, na kama anapakia risasi ya pili bila kuambiwa. Huyo ndiye utakayesimama naye mbele ya mbogo.

Na akijeruhi? Hapo ndipo leseni yako inapodaiwa. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi iliyochanganyika na majani ya tumboni, subirini kwanza, msimfukuze. Mbogo aliyejeruhiwa anaweza kuzunguka akasimama kichakani kando ya njia yake mwenyewe akiwangoja. Mgeni unamweka nyuma, unaingia wewe na traka. Humwachi mnyama na maumivu yake kwa sababu jua linazama au kwa sababu unaogopa. Hilo kwangu ni deni kabisa.

Sasa jibu lako. Kulenga unajua, lakini kijana anayependa kupiga kuliko kitu kingine kazi hii itamtesa, kwa kuwa msimu mzima huenda usifyatue hata risasi moja, na ukifyatua ni kwa sababu mambo yameharibika. Mimi nilipoona nafurahia zaidi kumfikisha mtu kwa dume sahihi kuliko kupiga mwenyewe, ndipo nikajua nimevuka. Jiulize hilo kwa dhati, mwanangu.

Ukiamua, soma Sheria ya Wanyamapori ya 2009 kabla ya mtihani wa leseni, uielewe na wala usikariri. Jifunze pia kuongoza wageni wa miguu wanaokuja kutazama tu. Tangu 2019 sehemu kubwa ya Selous ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na huko hakuna kuwinda, ila nyayo ni zilezile.

Kabla ya kusaini mkataba, muulize huyo bwana aliyekuita kazini kama mwaka wa kwanza utatembea mbele na traka au utakaa kwenye gari. Akisema gari, tafuta kambi nyingine. Mama yako anakusalimu, na anauliza utakuja lini.

Baba yako